Kutoka Athens hadi Poros kwa mashua ya tanga

Ukiishi Uingereza kwa pasipoti ya Kenya, Tanzania au Uganda, anza na viza ya Schengen. Kibali cha kuishi Uingereza hakikuingizi Ugiriki. Mwenye kibali cha Ujerumani au Uholanzi huingia nacho pamoja na pasipoti, siku zisizozidi 90 ndani ya 180. Anayekodi mashua kuiendesha mwenyewe huulizwa cheti cha unahodha, na lazima awepo mtu wa pili anayeijua kazi. Hamna? Mkodini nahodha wa huko huko.

Ng'oeni nanga Alimos, kusini mwa Athens, jua linapochomoza. Poros, kisiwa cha Ugiriki, iko karibu maili 30 za bahari: saa sita hivi kwa mwendo wa maili tano kwa saa. Mnawahi kwa sababu ya meltemi, upepo wa kaskazini wa kiangazi, ambao Julai na Agosti hukaza mchana. Punguzeni tanga mapema, mikono ingali na nguvu. Mtakata njia ya meli kubwa za Piraeus, bandari ya Athens. Msishindane nazo, piteni nyuma yao.

Mlango wa kaskazini wa kuingilia Poros ukishafunguka, mtaona mnara wa saa juu ya mji, na mji wa Galatas, ulio bara, ng'ambo ya mlango wa bahari mwembamba. Upande wa kusini kuna maji ya kina kifupi, kwa hiyo fuateni ramani.

Mimi ni mtoto wa Pwani, na kilichonitoa jasho ni gati. Mombasa na Unguja bamvua hupandisha maji zaidi ya mita tatu, ndiyo maana tumezoea kuhesabu kupwa na kujaa. Poros maji karibu hayasogei, basi mashua hufungwa tezi, yaani sehemu yake ya nyuma, ikiwa gatini: mnadondosha nanga mbali na gati, kama mita 40, kisha mnarudi kinyumenyume taratibu huku mkilegeza mnyororo, mpaka kamba mbili za tezi zifike nchi kavu. Tazameni kwanza mnyororo wa jirani umelala wapi. Ukilaza wako juu yake, asubuhi atakayeng'oa nanga ataing'oa na yenu. Nawasihi mfike kabla ya saa nane mchana, gati halijajaa na upepo haujakaza.

Watoto wavae jaketi okozi muda wote. Dharura ni redio chaneli 16, au simu 108, walinzi wa pwani.

Mkishafunga, msikimbilie chakula. Kaeni nusu saa mkiangalia kama nanga imeshika.