Gia ya Hilux ya zamani imelegea? Anza juu kabla hujashusha giaboksi

Peleka Hilux ya miaka ya 1980 gereji yoyote Nairobi, useme gia imelegea, na mara nyingi utaambiwa, "Hapo ni kushusha giaboksi." Usikubali haraka. Kwenye magari haya mkono wa gia unaingia moja kwa moja juu ya giaboksi, na kati ya chuma na chuma kuna bushi mbili za plastiki zilizowekwa zilike zenyewe ili chuma kisilike. Zikiisha, unakuwa unakoroga uji kutafuta namba tatu, na huenda giaboksi yenyewe haina neno. Kuzibadilisha ni kazi unayoifanya ukiwa ndani ya kebini, bila jeki na bila kulala uvunguni. Na kwa vile mkono utakuwa umeshatoka, hapo ndipo pa kuamua kama unataka uwe na mwendo mfupi zaidi, yaani usogee kidogo tu gia ikaingia.

Ninazungumzia Hilux zenye gia ya sakafuni na kifuniko cha kuzungusha, yaani nyingi za kuanzia mwisho wa miaka ya 1970, za petroli na za dizeli. Baadhi ya zile za kwanza kabisa, toleo la 1968, zilikuwa na gia ya usukani. Hizo zina mfumo wake na haziingii hapa. Ukifungua ukakuta mkono umeshikwa kwa bolti nne badala ya kifuniko cha kuzungusha, kanuni ni zile zile, ufunguaji tu ndio tofauti.

Hakikisha ugonjwa kwanza

Zima injini, vuta handbreki, kanyaga klachi, tia namba tatu. Sasa sukuma mkono mbele na nyuma polepole bila kuitoa gia. Mkono ukicheza kidogo, huo ni uzee wa kawaida. Ukitembea nusu ya kiganja kabla hujasikia chuma kikishika, bushi zimekwenda. Dalili nyingine ni mkono unaotetemeka na kupiga kelele ukikanyaga mafuta, halafu unanyamaza ukiushika.

Kuna mambo matatu ambayo bushi mpya haitayatibu, na ni bora uyajue kabla hujatoa pesa. Gia inayoruka yenyewe ukiachia mafuta kwenye mteremko ni shida ya ndani. Namba mbili inayokwaruza kila unapoiingiza, wakati klachi ni nzima, ni ringi za sinkro, zile zinazolinganisha kasi ya gia kabla hazijashikana. La tatu ni klachi isiyoachia: injini ikinguruma, kanyaga klachi hadi chini, subiri sekunde chache, tia rivasi. Ikikwaruza, malizana na klachi kwanza. Na kama mkono unaruka mbele na nyuma kila ukikanyaga na kuachia mafuta, chungulia chini uone maunti ya giaboksi, yaani kishikizo chake cha raba. Raba yake ikipasuka, giaboksi nzima inahama na mkono unahama nayo.

Safisha kabla ya kufungua

Egesha mahali tambarare, weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu, acha gia frii. Fungua kirungu, ile sehemu ya juu unayoishika, kwa kukizungusha kushoto, ondoa kapeti, halafu skrubu za pete inayoshika raba ya nje.

Hapa watu wengi wana haraka, na hapa ndipo pa kutulia. Chini ya raba ya nje utakuta vumbi jekundu la miaka mingi limechanganyika na oili likawa tope gumu. Tundu unalotaka kufungua linaelekea moja kwa moja kwenye gia, na mchanga ukiingia humo utasaga beringi kimya kimya. Kwangua tope kwa bisibisi ya kichwa bapa, piga brashi, futa kwa kitambaa chenye dizeli kidogo, kisha futa tena kwa kikavu mpaka uone rangi ya chuma. Kama una kivuta vumbi cha nyumbani, kitumie kabla ya dizeli, si baada yake.

Halafu vua raba ya ndani. Mara nyingi utaikuta imepasuka kwenye mikunjo. Ndiyo inayozuia joto, harufu ya oili na vumbi kupanda kebini, kwa hiyo iweke kwenye orodha ya vitu vya kununua hata kama bado inajikongoja.

Toa mkono

Sasa unaona kifuniko cha bati kilichouzunguka mkono, na chini yake springi inayokisukuma juu. Hakuna bolti. Kifuniko kimejifunga kwenye meno, kwa hiyo kinahitaji mambo mawili kwa wakati mmoja: kukibonyeza chini na kukizungusha kushoto. Kizungushie kitambaa, shika kwa koleo kubwa au kwa viganja viwili, bonyeza kwa uzito wa mwili, zungusha. Kikiachia utasikia springi ikikisukuma mkononi mwako. Usikipige nyundo. Bati likipinda halitakaa tena kwenye meno sawasawa, nawe utabaki unatafuta kifuniko badala ya bushi.

Vuta mkono wima, utoke na springi na bushi ya juu. Ziba tundu hapo hapo kwa kitambaa safi kisichochanika nyuzi.

Kwenye ncha ya mkono, ile iliyokuwa ndani, panatakiwa pawe na kikombe kidogo cha plastiki: bushi ya chini. Pengine utakuta vipande vyake tu, vya rangi ya kahawia, au usikute kitu kabisa na ncha ya chuma inang'aa kwa kusuguana. Vipande vilivyokosekana viko ndani ya giaboksi. Sumaku haitakusaidia, hiyo ni plastiki. Paka grisi nzito kwenye ncha ya bisibisi ndefu, washa tochi, ingiza na uvidonoe kimoja kimoja, kisha uvipange mezani uone kama vinatimiza kikombe kizima. Kama bado kuna pengo, mwaga oili ya giaboksi mwisho wa kazi, uichuje kwa kitambaa.

Pembeni mwa tundu kuna pini mbili zenye springi, kushoto na kulia, zinazourudisha mkono katikati. Hazifanani. Kama mkono wako ulikuwa ukijirudisha vizuri, usiziguse. Kama ni lazima uzitoe, tia alama kila moja ilikotoka.

Kagua chuma, halafu ndiyo uende dukani

Pima tufe la kati, lile duara la chuma ambalo mkono unalizungukia, na ncha ya chini kwa venia (kipimo cha unene), pande mbili zinazokatana. Ncha ikiwa imelika ikawa na umbo la yai, bushi mpya italegea tena baada ya muda mfupi, hata ukinunua ya bei gani. Hapo tafuta mkono mwingine kwa wauza skrepu, au uijaze kwa kuchomelea na kuichonga upya kwenye leithi, mashine ya kuchonga chuma. Baadhi ya mikono ina sehemu mbili zilizounganishwa kwa raba ili kupunguza mtetemo. Ikamate huku na huku uipinde. Raba ikiwa laini sana, nusu ya ulegevu wako uko pale.

Nenda Kirinyaga Road, ambayo wengi wetu bado tunaiita Grogan, na nenda na mkono wenyewe. Ufunge kwenye gazeti, maana ukipanda matatu na chuma kirefu namna ile wazi wazi, utaulizwa maswali. Muuzaji akikuambia "hii inaingia Hilux zote," mwombe akuvalishie hapo hapo kaunta. Bushi ya chini inatakiwa iingie kwa kusukumwa na kidole gumba, na ukiinamisha mkono isidondoke. Tazama ndani yake: ukiona mshono wa moldi umesimama kama ukucha, rudisha. Bushi ya juu ikae juu ya tufe bila kucheza, lakini mkono uweze kuzunguka humo bila kushikilia.

Ukikosa, au ukitaka kitu cha kudumu zaidi, fundi wa leithi Kariobangi Light Industries atakuchongea. Atakuuliza kitu kimoja: "Mzee, nikutolee ya nailoni ama ya bronzi?"

Bronzi, jamii ya shaba, haiishi upesi na gia inaingia kwa mshiko ulio wazi, lakini kila mtetemo wa injini utaupata mkononi, na kwenye dizeli hilo litakuchosha kabla hujafika Thika. Nailoni ni kimya, ila inakunywa unyevu na kuvimba, kwa hiyo ikichongwa kwa kubana sana leo, kesho mkono utakuwa mzito. Mwambie fundi aache nafasi ya kama milimita 0.1 kwa bronzi na zaidi kidogo kwa nailoni. Mimi ningeweka nailoni chini, bronzi juu. Juu pana eneo kubwa la kugusana na springi imepakandamiza, kelele haipati nafasi. Chini ndiko mtetemo unakopandia.

Kuufupisha mwendo, ukitaka

Mkono wa gia ni wenzo. Chukua mfano: kutoka tufe hadi kirungu ni milimita 300, kutoka tufe hadi ncha ya chini ni 50. Uwiano ni 6 kwa 1. Ncha ikitembea milimita 12, kirungu kinatembea 72. Hii ndiyo sababu pia milimita moja ya ulegevu kwenye bushi ya chini inakuwa milimita 6 kwenye kiganja chako.

Ukitaka mwendo mfupi una njia mbili. Ya kwanza ni kukata juu: mkono wa 300 ukiwa 240, uwiano unashuka hadi 4.8 na kirungu kinatembea takriban milimita 58. Ya pili ni kupandisha tufe juu na kurefusha sehemu ya chini kwa kiasi kile kile. Ukilipandisha milimita 10 unapata 290 kwa 60, karibu uwiano ule ule wa 4.8, na kirungu kinabaki pale pale mkono wako ulipozoea kukikuta. Lakini hii ya pili inadai springi na kifuniko vipandishwe kwa spesa iliyochongwa sawasawa, na ikikosewa, ncha inagonga ndani.

Mfupi hauji bure. Mwendo ukipungua kwa sehemu moja ya tano, nguvu ya kusukuma inaongezeka kwa karibu robo. Kwa pikapu inayobeba mzigo na kukaa kwenye msongamano wa Jogoo Road asubuhi, utaingiza namba moja na mbili mara nyingi mno, kwa hiyo mimi sivuki hiyo sehemu moja ya tano. Wanaokata mkono ukabaki kisiki huwa wanalazimisha gia kwa bega, na ringi za sinkro ndizo zinazolipa.

Ukikata, kata juu ya mkunjo, chonga nyuzi mpya za kirungu kwenye leithi. Kuunganisha katikati kwa kuchomelea bila kuvisha bomba la nje sikubaliani nako. Mkono ukikatika ukiwa Waiyaki Way huna gia. Na uchomeleaji wowote ufanyike mkono ukiwa nje ya gari na bushi zote zimevuliwa.

Rudisha

Loweka bushi ya chini ya nailoni kwenye maji moto dakika chache ilainike, ikaushe, ivalishe. Paka grisi nyembamba kwenye tufe na ndani ya bushi. Ondoa kitambaa kwenye tundu, hesabu vitu vyako mezani, ingiza mkono ukilinganisha mfereji wa tufe na pini inayouzuia kuzunguka. Ncha ikikaa kwenye nyumba yake utauhisi mkono ukishuka na kutulia. Springi juu, kifuniko juu, bonyeza, zungusha kulia mpaka meno yakamate. Jaribu kukizungusha kwa vidole bila kubonyeza, kikizunguka, hakijaingia.

Injini ikiwa bado imezimwa, pitia gia zote na rivasi. Kirungu kisiguse dashibodi kwenye namba moja wala kiti kwenye namba mbili, hasa kama umekata. Vaa raba ya ndani mpya na uibane. Ukiikosa, mafundi wa jua kali hukata tyubu ya lori wakaifunga kwa klipu. Inasaidia kwa muda, ila joto linaikausha.

Pima oili ya giaboksi kwa tundu la kujazia ubavuni: inatakiwa ifike ukingo wa chini wa tundu. Nikiongeza natia 75W-90 (huo ni uzito wa oili) ya daraja la GL-4, kwa sababu hailiki shaba iliyo kwenye ringi za sinkro.

Kwa jaribio, panda Limuru Road ukibadilisha namba tatu na nne chini ya mzigo, kisha rudi ukiteremka na namba tatu, mguu ukiwa umeachia mafuta. Gia ikiruka hapo, sasa ndiyo useme giaboksi ishushwe. Kama ni 4x4, mkono mdogo wa transfa, ule wa kuingiza 4x4, una bushi zake pia. Zikague wikendi hiyo hiyo, kapeti likiwa bado limetolewa.