Uani kumekuwa pori? Kiberiti kirudishe jikoni kwanza

Wajameni, mwezi wa tisa haujaisha na huku Mikindani, Mtwara, kila jioni nikipita na pikipiki naona moshi nyuma ya nyumba za watu, na sio moshi wa mkaa, ni watu "wanasafisha uani". Mtu alienda zake Dar miaka minne, nyumba kamwachia shemeji, shemeji hakugusa kitu, karudi anakuta majani yamefika dirishani. Anachofanya ni kufyeka juu juu, anaacha vikauke siku tatu, anawasha, saa moja kazi imeisha anakaa barazani anapunga upepo. Alafu mwezi wa kumi na mbili ananipigia simu, afisa njoo uone majani yamerudi mengi kuliko mwanzo. Nije nifanye nini sasa?

Kwaiyo leo naongelea huo moto, na cha kufanya badala yake. Kushika panga mnajua, jembe mmezaliwa nalo, sina la kuwafundisha hapo ila vipimo.

Uani mwingi wa huku ukitelekezwa unavamiwa na yale majani marefu yenye ncha kali, yakichipua yanachoma unyayo kama sindano, yakichanua yanatoa manyoya meupe kama pamba. Wengine wanayaita motomoto na jina lenyewe lingetosha kuwaambia. Juzi nilienda kwa mzee mmoja aliyechoma siku nane nyuma. Juu jivu jeusi, safi kabisa, anajisifu. Nikaomba jembe nikapiga mara moja tu, nikageuza bonge la mchanga nikamwonyesha: sentimita kumi chini mizizi imejipanga kama nyaya, myeupe, minene kama njiti mbili za kiberiti, ina pingili pingili, ukiivunja inatoa maji. Moto haukuigusa hata kidogo, maana moto wa majani unapasha joto sentimita mbili tatu za juu basi, chini kule ni baridi tu. Na pembeni ya mguu wangu zile sindano za kijani zilishatoboa jivu, mvua haijanyesha hata tone! Moto umemwondolea motomoto kivuli, umemuulia majani mengine aliyokuwa anagombana nayo, shamba zima kaachiwa yeye.

Na huu mchanga wetu wa pwani hauna mbolea ya kuchezea. Yale majani makavu ndo mboji yako, ukiyachoma inabaki jivu, na upepo wa mchana mnaujua, jivu linaishia kwa jirani.

Hasara kubwa kuliko yote iko kwenye mikorosho. Mama mmoja alikuwa na mikorosho miwili nyuma ya nyumba, salfa, ile dawa ya ukungu, kapuliza raundi zote, maua yamekaa vizuri na korosho changa zimeanza kuonekana. Kijana wake akawasha majani mita nne kutoka kwenye shina, si mbali eti. Mvuke wa ule moto umebabua upande mzima, maua yamekuwa ya kahawia kama chai, na msimu ndo umeishia pale. Mkorosho unachanua kuanzia mwezi wa sita mpaka wa tisa huko, yani wakati huohuo ambao nyie mnatafuta kiberiti. Sijui niseme kwa lugha gani.

Najua mtasema nyoka. Sawa, nyoka wapo. Vaa buti, shika mti mrefu upige piga mbele yako, na anzia mlangoni ukienda nje kuelekea porini ili aliyepo apate pa kukimbilia, ukizunguka duara unamfungia katikati na yeye atatokea kwako. Upupu nao, ingia alfajiri umande haujakauka, mikono mirefu, ukate mashina chini kabisa na usitikise maganda. Ukiingia saa nne jua limewaka utajikuna mpaka kesho.

Sasa vipimo, na hapa naomba mtu asome polepole maana ndo mnapokosea hata wale wasiochoma.

Fyeka mwezi wa saba au wa nane mwanzoni, kabla manyoya meupe hayajatoka. Yakishatoka mbegu zinaruka na upepo na kazi inakuwa ya mtaa mzima. Acha kisiki cha vidole vitatu, usikwangue mpaka chini. Majani marefu yaliyonyooka funga matita, hayo ni ya kuezekea, banda la kuku linataka paa na wewe ulitaka kulichoma. Yaliyobaki weka pembeni kwa matandazo, yani ya kufunikia udongo.

Baada ya hapo subiri siku 10 mpaka 14. Yatachipua, acha yachipue, yale machipukizi yanakula akiba ya mizizi na pia yanakuonyesha iko wapi. Ndipo unachimba, na unachimba wakati wa kiangazi, udongo mkavu. Mnaochimba mvua ikishaanza mnanichosha, kila kipande kinachobaki na pingili moja au mbili kwenye udongo wenye maji kinaota, kwaiyo umelima kutwa nzima kumbe umepanda!

Kina ni sentimita 20 mpaka 25. Sio kiganja. Chukua penseli mpya ya mtoto wa shule, isimamishe kwenye shimo, ikizama yote na inabaki nafasi kidogo juu hapo sawa. Tumia jembe la uma kama lipo, la kawaida linakatakata mizizi. Inua bonge, lipige na mgongo wa jembe, chambua kwa mkono. Usianze uani wote siku moja, pima mraba wa mita tatu kwa tatu, maliza kabisa ndo uhamie mwingine, hata ikichukua wiki tano, ilimradi katikati ya mwezi wa kumi na moja uwe umemaliza. Chini ya mkorosho usiende na hiyo penseli! Mizizi yake ya kulia chakula iko juu juu, hapo ni kupalilia sentimita tano tu na kung'oa kwa mkono.

Mizizi uliyochambua isitupwe kwenye shimo la taka wala mboji ikiwa mbichi. Tandaza juu ya bati kuukuu, jua kali, wiki mbili. Chukua mmoja uupinde: ukipinda bado mzima, ukikatika kwa mlio kama tambi kavu ushakufa.

Matandazo weka unene wa sentimita 8 mpaka 10, acha sentimita 15 kuzunguka shina la mti, na acha mita moja nzima kutoka ukuta wa nyumba, hasa nyumba za miti na udongo. Mchwa wa huku hawahitaji kualikwa.

Mvua za kwanza zikishanyesha vizuri usikimbilie kupanda. Subiri tena wiki mbili, machipukizi yaliyobaki yatajitokeza, yang'oe na mzizi wake, usiyakate. Alafu panda kunde za kutambaa, mistari sentimita 50, mbegu mbili kila sentimita 20, katikati tupia maboga. Motomoto haipendi kivuli ndo maana. Mwezi wa pili ukiangalia huoni mchanga chini ya kunde, umeweza.

Kama jirani yako bado ana pori, mizizi itarudi kwa chini ya mpaka, kwaiyo chimba mfereji wa sentimita 30 kwenda chini na uupitie kila mwezi ukikata inayovuka. Ila mwambie kabla hujachimba, uchimbe upande wako, na awepo mtu wa tatu anayeangalia, mipaka ya huku mnajua wenyewe kesi zake.