Kuokoa mkaa wakati wa kupika maharage
Familia inayopikia mkaa inaweza kupunguza gharama kwa kuloweka maharage usiku kucha, kumwaga maji hayo, kuyachemsha kwa nguvu dakika 15 hivi, kisha kuiepua sufuria ikiwa imefunikwa na kuizungushia mablanketi makuukuu ndani ya kapu kubwa, ambamo maharage yataendelea kuiva kwa joto lake lenyewe kwa saa 3 au 4. Kifuniko kisifunguliwe katikati, kwa kuwa mvuke ukitoka joto hushuka upesi. Kabla ya kuungwa, yarudishwe motoni yachemke tena. Mchemko wa kwanza nao usifupishwe kamwe, maana maharage mekundu yasiyochemka vizuri huumiza tumbo. Makaa yaliyobaki yafungiwe kwenye debe la bati, nje ya nyumba, yazimike na kutumika kesho.