Namna ya Kuyasoma Maandishi ya Mabwana wa Roma Kuhusu Dola na Utumwa

Anayetaka kuelewa jinsi wakuu wa Roma ya kale walivyoifikiria dola yao na utumwa uliokuwa ndani yake, aache kwanza kuyatenga mambo hayo mawili. Vitabu vya historia aghalabu huyapa kila moja sura yake, vita na magavana huku, mashamba na masoko ya watumwa kule, lakini mpaka huo haukuwamo vichwani mwa maseneta wenyewe. Mtu yuleyule aliyetawala jimbo ndiye aliyekuwa na watumwa nyumbani kwake, na amri zake za jimboni na za nyumbani zilitetewa kwa hoja ya aina moja.

Itafute hoja hiyo kwanza. Wanasheria wa Kirumi walieleza kwamba neno la Kilatini servus, yaani mtumwa, limetokana na servare, yaani kuhifadhi, kwa kuwa majemadari huwauza mateka badala ya kuwaua na kwa hiyo huwahifadhi. Neno letu mtumwa limebeba kutuma na kutumwa tu, wala halina fikra hiyo, ndiyo maana msomaji wa Kiswahili hana budi kutua hapa: kwa Mrumi, uhai wa aliyeshindwa ulikuwa zawadi ya mshindi. Ukishalishika hilo, soma kitabu cha sita cha utenzi wa Aeneid, ambamo mshairi Virgil anawaagiza Warumi kuyatawala mataifa, kuwasamehe waliosalimu amri na kuwaangusha wenye kiburi. Msamaha huo ni mali ya bwana, naye anaweza kuuondoa. Mwaka 57 KK, Waaduatuci, kabila la eneo la Ubelgiji ya leo, walisalimu amri kwa jemadari wa Kirumi Julius Caesar, kisha wakaivunja ahadi hiyo usiku. Akawauza wote kwa pamoja, na hesabu aliyoletewa na wanunuzi ilikuwa watu 53,000. Anaiandika habari hiyo kwa maneno machache, bila kujitetea, kwa sababu hakuona la kujitetea.

Pili, yape uzito maneno yaliyoandikwa kwa kupita, kwani hotuba na vitabu vya maadili vilipambwa ili visifiwe. Cicero, seneta na msemaji mashuhuri, aliandika kwamba hapo zamani, kabla ya Sulla, jemadari aliyejifanya dikteta, mamlaka ya Roma yalistahili kuitwa ulinzi wa dunia kuliko kuitwa dola. Maneno mazuri hayo, lakini yaweke karibu na barua aliyompelekea rafiki yake Atticus mwaka 54 KK, ambamo anasema kwamba Britania haina fedha wala matumaini ya ngawira isipokuwa watumwa, na kwamba hadhani Atticus anatarajia kupata miongoni mwao waliofunzwa fasihi au muziki. Cato naye, seneta wa zamani zaidi, katika kitabu chake cha kilimo, anamshauri mwenye shamba kuuza ng'ombe waliozeeka, gari kuukuu, vyuma vikuukuu, mtumwa mzee na mtumwa mgonjwa. Hakuna nadharia inayotolewa hapo. Orodha yenyewe inatosha.

Sauti za upole ndizo zinazohitaji uangalifu mkubwa zaidi. Katika barua yake ya 47, mwanafalsafa Seneca anamsifu rafiki yake Lucilius kwa kuishi vizuri na watumwa wake, na anasisitiza kwamba hao ni binadamu, wanakaa nyumba moja nasi, na bahati inaweza kumgeuza yeyote kuwa kama wao. Nimeisoma barua hiyo mara nyingi na bado inanigusa. Hata hivyo, angalia anasema na nani: anasema na bwana, juu ya tabia njema ya bwana, wala hadai kwamba utumwa wenyewe ukomeshwe. Kisha fungua kitabu alichomwandikia Nero, mtawala wa Roma, kuhusu huruma ya mtawala, anapokumbusha kwamba Seneti iliwahi kufikiria kuwavisha watumwa vazi la kuwatambulisha, ikaonekana ni hatari kubwa endapo wangeanza kuwahesabu mabwana zao. Upole na hofu vilikaa katika kichwa kimoja.

Neno utumwa nalo, kila ukilikuta, uliza linamhusu nani. Mwanahistoria na seneta Tacitus anapoandika kwamba watu wa Britania waliyaita mabafu na karamu za Kirumi ustaarabu ilhali yalikuwa sehemu ya utumwa wao, usimdhanie kuwa mtetezi wa watumwa wa mashambani. Kilichomuuma ni uhuru wa watu wa tabaka lake chini ya wafalme wakali. Hata hotuba kali ya Calgacus, kiongozi wa Britania aliyepigana na Warumi, dhidi ya Roma ilitungwa na Tacitus huyohuyo.

Mwisho, soma kwa utulivu kesi ya mwaka 61 BK, kwa kuwa humo dola na utumwa vinakutana mbele ya macho yako. Pedanius Secundus, mkuu wa jiji la Roma, aliuawa na mtumwa wake, ama kwa kunyimwa uhuru ambao bei yake ilikuwa imekwisha kupatanwa, ama kwa wivu wa mapenzi. Desturi ya kale iliagiza watumwa wote waliokuwa chini ya paa lile wauawe, nao walikuwa 400. Gaius Cassius, mwanasheria mashuhuri, aliiambia Seneti kwamba sasa majumba yao yana mataifa mazima, yenye ibada tofauti au yasiyo na ibada kabisa, na kwamba umati wa namna hiyo hauzuiliki ila kwa hofu. Alikiri kwamba baadhi ya watakaokufa hawana hatia, akasema dhuluma hiyo inafidiwa na manufaa ya wote. Wananchi wa kawaida walikusanyika na mawe na mienge kuizuia hukumu, Nero akapanga askari kandokando ya njia yote waliyopitishwa watu wale. Tacitus ametuhifadhia hata jina la seneta aliyetaka watumwa wa zamani wa nyumba ile, walioachwa huru, wafukuzwe Italia, ombi ambalo Nero alilikataa. Katika wale 400, hakuandika jina la hata mmoja.