Ukichoka na Nairobi, nenda ukae kando ya mto (vile mi hufanya)

Kuna wiki Nairobi inakukalia shingoni hadi unasikia honi za matatu ukiwa usingizini. Mwaka nilioachishwa kazi nilikuwa nakaa kwa nyumba naangalia simu nikingoja ilie, hailii, ndio siku moja nikajikokota hadi msitu wa Karura nikakae tu karibu na maji, na tangu hapo nimerudi mara nyingi mpaka nimejua vile inafaa kufanywa.

Kwanza siku. Wikendi sahau, ni baiskeli, mbwa na watoto mpaka basi. Nenda Jumanne ama Jumatano asubuhi, hata kama ni kuomba nusu siku. Panda matatu ya Ruaka au Banana inayopita Limuru Road, mwambie konda akushushe geti ya Karura. Kiingilio ni kulipa kwa simu so usitoke na noti peke yake. Maji ya chupa za plastiki za kutupa pia acha, zilipigwa marufuku kwa mbuga na misitu tangu Juni 2020. Mi hubeba flaski ya chai.

Wengi wakifika wanafuata kibao cha maporomoko. Sawa, yaone, ni mazuri, na kuna mapango ambayo wapiganaji wa Mau Mau walijificha miaka ya hamsini. Lakini pale si pa kukaa, maana kila dakika mtu anakuomba umpige picha. Endelea na njia ya kando ya mto mpaka sauti za watu ziishe ubaki na maji. Tafuta jiwe ama mzizi mkavu, mahali pa juu kidogo.

Ukikaa usianze kupiga hesabu za rent. Shika kitu kimoja tu cha kuangalia. Mi huangalia majani. Jani linakuja na maji, linakwama kwa jiwe, linazunguka pale pale kama mgeni amepotea stage ya matatu ya Odeon, halafu ghafla linachomoka linaenda, nangoja lingine. Likipita kama la ishirini hivi unashtukia mabega yameshuka yenyewe. Ukitaka kulia lia, nani anakujua huko?

Nikijihurumia sana huwa nakumbuka kwamba Januari 1999 Wangari Maathai alipigwa akaumizwa kichwa kwa huu msitu, na alikuwa amekuja tu kupanda miti wakati watu walitaka kuugawa wajenge. Kivuli ninachokalia kililipiwa.

Maji usinywe wala usinawe, hata yakionekana safi, huo mto umepita kwa watu wengi kabla ukufikie. Na msimu wa mvua kubwa usikae chini kwa ukingo, maana inaweza kuwa imenyesha huko juu na kwako jua linawaka, na vile mito ya Nairobi ilifurika Aprili 2024 sote tuliona.

Halafu kima. Chakula kikae ndani ya begi, zipu imefungwa. Mi niliweka mandazi mawili kwa karatasi hapo kando ya goti, nikafumba macho kidogo nisikilize mto, kufumbua nikapata mmoja ako juu ya tawi anakula la pili akiniangalia usoni, hana haraka. Hiyo ndio ilikuwa mara ya kwanza kucheka mwezi huo.