Kabla ya kununua dawa ya mafua, chuchumaa bandani

Mfugaji akisikia kuku wanakoroma usiku, asubuhi yuko duka la dawa za mifugo anatafuta antibiotiki. Wiki haiishi, wanakoroma tena, na safari hii hata yeye kila akitoka kufagia banda anapiga chafya na kifua kinambana. Mbwa anayelala mlangoni naye anatokwa kamasi. Wote wanavuta hewa moja.

Nenda bandani alfajiri, kabla hujafungua kitu, uchuchumae mpaka pua yako iwe usawa wa kichwa cha kuku. Ikikuchoma na macho yakatoa machozi, hiyo ni amonia, gesi ya kinyesi kilicholowana. Inadhoofisha utando wa njia ya hewa, na vijidudu vya mafua vinaingia kirahisi. Mwite na jirani anuse, maana pua ya anayeingia humo kila siku imeshazoea.

Sisi wa nyanda za juu, Njombe na Mbeya, tunakosea zaidi Juni na Julai. Baridi ikibana, tunaziba banda lote kwa viroba na maturubai. Nami nilifanya hivyo, nikatibu mafua wiki mbili bila nafuu, mpaka nilipong'oa viroba vya juu. Kuku mkubwa mwenye manyoya kamili anaistahimili baridi. Kinachomuumiza ni unyevu na upepo unaompiga moja kwa moja. Ziba chini, acha wazi chini ya paa usiku kucha. Vifaranga wanahitaji joto kweli, lakini jiko la mkaa liwashwe nje hadi moshi uishe, na hata likiingia ndani hewa iendelee kupita.

Kisha chota maranda karibu na chombo cha maji, uyafumbate. Yakibaki donge, yamelowa: yatoe, weka makavu ya kina cha sentimita 8 hadi 10, na urekebishe chombo kinachovuja. Yakitimka vumbi, nyunyiza maji kidogo kabla ya kufagia, vaa barakoa, na mwenye pumu asikaribie.

Si kila kamasi ni ya hewa chafu. Uso ukivimba na kamasi zikanuka, shuku mafua ya kuku, ugonjwa wa bakteria. Wakikoroma huku wanaharisha kijani na shingo zinapinda, shuku kideri. Hicho huletwa na kirusi, antibiotiki haikigusi. Kinga yake ni chanjo, kwa ile ya matone tone moja jichoni kila miezi 3. Mwite mtaalamu wa mifugo kabla ya kununua dawa, umuulize pia mayai yasiliwe kwa siku ngapi baada ya dawa. Mbwa akiendelea kutokwa kamasi na macho yakatoa usaha, apimwe. Huenda si vumbi.

Na wewe, kifua kikilia filimbi kila utokapo bandani, nenda hospitali, na umwambie daktari kwamba unafuga kuku. Asipojua hilo, anaweza kukutibu mafua ya kawaida mwaka mzima.