Kukoroma kunapokatika: jinsi ya kutambua pumzi inayosimama usingizini

Mwenye ugonjwa huu wa pumzi kusimama usingizini hajijui. Asubuhi atakuambia amelala vizuri, ila kichwa kinamuuma na mdomo umekauka. Shahidi ni yule anayelala karibu: mke, ndugu wa chumba kimoja, au konvoyere (msaidizi wa shofa, yaani dereva) anayelala naye kabini kwenye foleni ya malori mpakani Kasumbalesa.

Wengi hukoroma bila kuwa wagonjwa. Sikiliza kinachofuata. Sauti inapanda, halafu kimya. Mtazame: kifua na tumbo bado vinahangaika, lakini hewa haipiti, kwa kuwa ulimi na nyama laini za koo zimelegea zikaziba njia. Kisha anashtuka, anavuta hewa kama aliyeibuka majini, anaanza upya. Hesabu kimya hicho. Kikifika sekunde 10, kina maana.

Kusikiliza saa ya kwanza tu hakutoshi. Mara nyingi hali huzidi karibu na mapambazuko, na akilala chali. Weka simu hatua moja kutoka kichwani, urekodi nusu saa wakati huo.

Mchana anasinzia ingawa alilala masaa 8: kanisani, kwenye teksi, na hatari kuliko zote, kwenye usukani. Usiku huamka mara kwa mara kukojoa. Presha haishuki hata akimeza dawa. Chukua meta ya fundi cherehani, pima shingo usawa wa kikoromeo: ikipita sentimita 40, shaka inaongezeka. Mwembamba naye haponi, hasa mwenye taya dogo. Kwa mtoto, shuku matonsili (tezi za kooni) makubwa.

Kosa la kawaida ni kumpima oksijeni kidoleni mchana, ikasoma asilimia 97, akaambiwa ni mzima. Akiwa macho koo liko wazi! Kipimo kivaliwe usiku kucha. Hospitali yenye vifaa huhesabu pumzi zinazosimama au kupungua kwa kila saa: 5 hadi 14 ni hali nyepesi, 15 hadi 29 ya kati, 30 na zaidi ni kali.

Mpelekee daktari ile rekodi. Akiandika mashine ya kupuliza hewa kwa barakoa, uliza kwanza habari ya betri. Umeme wa Lubumbashi mnaujua, hukatika. Lutuku (pombe kali ya kienyeji) na vidonge vya usingizi viachwe, maana hulegeza koo zaidi. Alale ubavu: shona mfuko mgongoni mwa fulana, utie mpira mdogo, akigeuka chali utamsumbua. Shofa anayesinzia asiendeshe mpaka atibiwe.